Ufunguo Uko kwa Nani?

Siku sita baada ya mauaji ya wanafunzi wa chuo kikuu mjini Garissa, mnamo Aprili 2015, sufuria ilianguka kwenye ngazi za bweni letu. Ilikuwa sufuria ya kawaida ya kusongea ugali, iliyomponyoka mwanafunzi aliyekuwa akiipandisha ghorofa ya tatu saa tano za usiku baada ya kuiosha, ikabingirika kidato baada ya kidato ikitoa mlio ambao hadi leo siwezi kuueleza vizuri. Kabla haijatua chini, watu walikuwa wamekwisha kutoka vyumbani, wengine bila viatu na wengine wakiwa na taulo tu. Mlango wa mbele ulikuwa mwembamba na ulifunguka kwa ndani, kwa hiyo waliotangulia walisukumwa na waliowafuata hata wakashindwa kuuvuta. Sisi tuliokuwa nyuma tuligeuka, tukakimbilia mlango wa pili ulio upande wa jikoni, na tulipoufikia tukaukuta umefungwa kwa mnyororo na kufuli.

Mtu alipiga kelele kupitia nondo za dirisha: "Mzee, fungua huku!" Askari wa zamu, mtu mzima aliyetuita sote wanangu, alikuja mbio na tochi, akalitazama kufuli, akatutazama sisi, kisha akasema kwamba ufunguo uko kwa mama. Mama huyo alikuwa msimamizi wa bweni, na saa hizo alikuwa kwake mjini, safari ya matatu mbili kutoka chuoni.

Hakuna aliyekufa usiku ule. Mimi nilikatwa muundini na kioo, rafiki yangu akateguka kifundo cha mguu, na asubuhi yake tukacheka sana, kama vijana wanavyocheka wakiwa wameaibika. Chuo hicho sitakitaja, kwa sababu aliyelala katika bweni lolote la chuo kikuu nchini Kenya miaka ile anaweza kusimulia kisa kama hiki akabadilisha sufuria tu. Lakini jibu la yule mzee sijalisahau, na kila nikiingia jengo lenye watu wengi, hata leo nikiwa mwalimu wa chuo mwenye mvi mbili tatu, nauliza kwanza ufunguo uko kwa nani.

Nairudia habari ya mwaka 2015 kwa sababu katika mwaka huo mmoja vyuo vikuu vya Kenya vilipata mikasa mitatu ambayo, ukiisoma kwa mfuatano, ni kama somo moja lililofundishwa mara tatu.

Mkasa wa kwanza unajulikana na kila mtu. Alhamisi ya tarehe 2 Aprili, kabla ya mapambazuko, wavamizi wanne wenye bunduki waliingia katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, wakawashambulia wanafunzi waliokuwa wakisali ukumbini, kisha wakaelekea mabwenini. Kufikia jioni watu 148 walikuwa wameuawa, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Kikosi maalumu cha polisi kilichohitimisha uvamizi huo kililetwa kutoka Nairobi, umbali wa zaidi ya kilomita 300, kikafika saa nyingi baada ya risasi ya kwanza kulia. Msichana mmoja alipatikana akiwa hai siku mbili baadaye, akiwa bado amejificha kabatini, na hata waokoaji walipomwita hakutoka upesi, kwa sababu hakuwa na namna ya kujua kama sauti inayomwita ni ya rafiki au ya adui. Jambo hilo dogo limenifundisha kuliko ripoti nyingi nilizosoma. Mtu anapokuwa katika hatari, anahitaji njia ya kutokea, na pia anahitaji sauti anayoijua na kuiamini, yenye kumwambia kwamba sasa ni salama kutoka au kwamba asithubutu kutoka.

Juma moja hivi kabla ya uvamizi huo, tahadhari ilikuwa imetolewa kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi kwamba kulikuwa na habari za uwezekano wa shambulio dhidi ya chuo kikuu. Nakumbuka jinsi habari hizo zilivyotufikia na sisi, zikipitishwa kutoka simu hadi simu. Tulizisoma, tukaogopa, tukaenda kula. Kumwambia mtu ajihadhari bila kumwambia afanye nini, atokee mlango upi, akusanyike wapi na ampigie nani, ni kumwongezea hofu bila kumpa uwezo wowote. Hofu hiyo haikupotea ilipokosa pa kwenda. Ilibaki mabwenini ikisubiri mlio.

Na mlio ulikuja, siku kumi tu baada ya Garissa. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 12 Aprili, hitilafu ya umeme katika Kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilisababisha mlipuko. Wanafunzi waliogutuka usingizini walidhani kwamba Garissa imewafikia, wakakimbia gizani, na wengi wao wakaruka kutoka madirisha ya ghorofa za juu. Mwanafunzi mmoja alikufa na zaidi ya 100 wakajeruhiwa, na katika yote hayo hapakuwa na mvamizi hata mmoja. Sisi wa kisa cha sufuria tuliposikia habari hizo tulinyamaza. Tofauti kati yetu na wenzetu wa Kikuyu ilikuwa kwamba dirisha letu lilikuwa na nondo, na nondo hizo hizo, siku ambayo bweni lingewaka moto, zingetuteketeza sote. Sijui mfano mwingine unaoonyesha vizuri zaidi kwamba usalama uliowekwa bila kufikiriwa ni bahati nasibu.

Mkasa wa tatu ndio unaonisumbua zaidi, kwa sababu uliletwa na nia njema. Jumatatu ya tarehe 30 Novemba mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi kilifanya zoezi la kujiandaa kwa uvamizi wa kigaidi. Milio ya bunduki ilitumika, na walioarifiwa mapema walikuwa wachache. Watu wengine waliruka kutoka madirishani, kadhaa wakaumia, na mfanyakazi mmoja wa chuo akafariki kutokana na majeraha aliyoyapata. Chuo kiliomba radhi na kuahidi kugharimia matibabu. Wapo waliosema wakati ule kwamba mazoezi ya namna hiyo yapigwe marufuku kabisa. Naelewa uchungu wao, lakini sikubaliani nao, kwa maana chuo kisichofanya zoezi huwaachia watu wake zoezi la kwanza liwe lile la kweli. Kilichokosewa pale ni imani kwamba lengo la zoezi ni kupima ushujaa wa watu wakishtukizwa. Lengo la zoezi ni kupima milango, ving'ora, orodha na sauti za viongozi. Miguu ya watu izoeshwe njia pole pole, mchana, kila mtu akijua kwamba hili ni zoezi, mpaka siku ya hatari miguu hiyo iende yenyewe hata kama akili imeganda.

Miaka michache iliyopita niliteuliwa, bila kuomba, kuingia katika kamati ya usalama ya kitivo ninakofundisha. Nilidhani ningekaa vikaoni nikinywa chai, na kusema kweli chai ilikuwepo. Hata hivyo mwenyekiti wetu, mama mmoja wa idara ya ufundi asiyependa maneno mengi, alisema kwamba kabla ya kuandika chochote tutayatembelea majengo yote saa nne za usiku, kwa kuwa mchana kila mlango uko wazi na kila anayehusika yupo.

Tuliyoyakuta yangeweza kukatisha tamaa. Mitungi ya kuzimia moto ilikuwepo, na karatasi zilionyesha kwamba ilikuwa imenunuliwa kwa idadi inayotakiwa, ila mingi ilikuwa imefungiwa katika ofisi ya msimamizi kwa sababu wanafunzi, tuliambiwa, huichezea na kupulizana povu siku za kuzaliwa. Michache iliyobaki ukutani ilikuwa na mshale wa kipimo ulioshuka chini ya eneo la kijani, maana yake shinikizo limekwisha na mtungi umekuwa pambo. Hakuna mwanafunzi tuliyemuuliza aliyejua kwamba unachomoa pini kwanza, unaelekeza mdomo wa mpira kwenye shina la moto badala ya kwenye ndimi zake, kisha unabana mkono wa mtungi huku ukipeleka kushoto na kulia. Wala hawakujua kwamba moto wa umeme haumwagiwi maji. Kujifunza hayo hakuchukui hata dakika kumi, na vijana wale hukaa chuoni miaka minne.

Umeme ndio hatari iliyo karibu zaidi, ingawa hautajwi magazetini. Ugaidi hutokea mara moja moja, lakini koili ya kupikia iko chini ya vitanda vingi kila usiku. Wanafunzi hupika kwa siri kwa sababu chakula cha mkahawani kinawashinda bei, na kwa kuwa wanapika kwa siri, hupika mahali pabaya kuliko pote, kati ya kitanda na pazia, kwa waya uliounganishwa na mwingine mpaka ukuta unapata joto. Kamati nyingi hulijibu jambo hili kwa msako na faini. Sisi pia tulianza hivyo, na kwa muhula mzima hatukupata lolote isipokuwa ustadi mpya wa kuficha koili. Hatimaye mwenyekiti alipigania chumba kimoja katika kila ghorofa kiwekewe nyaya nene na swichi inayojikata, wapike hadharani. Haikuwa rahisi kuupata mradi huo, na hadi sasa ghorofa mbili hazina chumba hicho, lakini pale kilipo, moshi umetoka chini ya vitanda.

Jambo jingine ambalo halimo katika sera yoyote niliyoisoma ni idadi ya watu. Orodha ya bweni moja ilionyesha wanafunzi 4 kwa kila chumba. Tulipopita usiku tulikuta vyumba vyenye 7, vingine 8, magodoro yakiwa yametandikwa sakafuni hadi mlangoni. Huku kwetu mpangaji wa namna hiyo huitwa pairati, na mwenzangu aliyesoma Dar es Salaam ananiambia kwamba wao husema kubebana, neno ambalo nalipenda zaidi kwa sababu limeona upendo uliomo ndani ya kosa. Kijana hambebi mwenzake kwa kupenda fujo. Anambeba kwa sababu kodi ya nje imemshinda. Lakini fikiria siku ya moto. Watu wamekusanyika uwanjani, kiongozi anasoma majina, majina yote yanaitikiwa, kiongozi anawaambia wazima moto kwamba wote wametoka, na ndani kuna mtu ambaye hayumo katika karatasi yoyote. Zaidi ya hayo, anayembeba mwenzake huogopa kusema kwamba yumo, kwa kuwa kusema ni kukiri.

Tulilijadili hili kwa muda mrefu kuliko jambo jingine lolote. Wapo waliotaka wabebwaji wafukuzwe kwanza ndipo usalama ufuate. Mimi nilikuwa upande wa wale waliosema kwamba uhai hauna foleni. Mwishowe tulikubaliana kwamba kila chumba kiwe na mwakilishi wa kuhesabu vichwa, ambaye atataja idadi tu bila majina, na kwamba idadi hiyo haitatumiwa kumwadhibu mtu. Kuna wanaoona kuwa tumehalalisha makosa. Labda ni kweli.

Milango nayo ina historia yake ndefu ya maombolezo nchini mwetu. Mwaka 2001, katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli huko Machakos, wavulana 67 waliteketea bwenini, mlango mmoja ukiwa umefungwa na madirisha yakiwa na nondo. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni unaotaka milango ya mabweni ifunguke kwa nje, isifungwe kutoka nje wanafunzi wakiwa ndani, na madirisha yasiwe na nondo. Mwongozo huo uliandikwa kwa ajili ya shule. Mwanafunzi anapovuka kuingia chuo kikuu anahesabiwa kuwa mtu mzima anayeweza kujilinda, kana kwamba mapafu ya mtu mzima hayajui moshi. Nimewahi kusikia hoja hiyo kikaoni, ikitolewa na mtu mwenye shahada kubwa kuliko yangu.

Ukweli ni kwamba nondo na makufuli huwekwa kwa sababu za kueleweka. Kompyuta huibwa. Wageni huingia usiku. Wasichana wa ghorofa ya chini wana haki ya kulala bila kuchunguliwa. Kwa hiyo anayeziondoa nondo zote kwa siku moja atakuwa amehamisha hatari kutoka kundi moja hadi jingine. Fundi wetu alipendekeza dirisha moja katika kila ukumbi liwe na nondo zenye bawaba, zinazofunguliwa kwa ndani kwa komeo lisilohitaji ufunguo. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko bajeti ya vitafunio vya mahafali.

Zoezi letu la kwanza lilifanyika Jumatano, saa nne asubuhi, baada ya kutangazwa kwa wiki mbili. Lilichukua dakika 19 kulitoa bweni moja, na nusu ya wanafunzi walisimama chini ya ukuta wa jengo lile lile walilolikimbia, wakijipiga picha. King'ora kilichotumika kilikuwa kilekile kinacholia mwisho wa vipindi, basi wengi walidhani ni wakati wa chai. Jambo lililoniuma zaidi ni kijana mmoja anayetumia kiti cha magurudumu, aliyepangiwa ghorofa ya kwanza kwa sababu lifti ilikuwa ikifanya kazi siku ya usajili. Alikaa juu ya ngazi akitutazama. Alipoulizwa nani angembeba, alisema kwa utulivu kwamba angemwomba yeyote atakayepita. Tulimhamishia chini juma hilo hilo, lakini ni aibu yetu kwamba tulimwona kwa sababu ya zoezi, hali alikuwa akiishi pale tangu mwanzo wa mwaka.

Mara ya pili tulitumia mlio mwingine, uliotengwa kwa dharura peke yake, na kila mlio ukifuatwa na sauti ya mtu mmoja kwenye kipaza sauti, kwa Kiswahili, akisema tokeni au bakini ndani. Maagizo hayo mawili lazima yatofautishwe waziwazi, kwa kuwa moto unataka watu watoke na bunduki mara nyingi inataka wajifungie, na anayechanganya mawili hayo anaweza kuwatuma watu mautini. Tuliandika ukutani nambari 999 na 112, na ile ya 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu, tukaiondoa nambari ya mezani ya kituo cha ulinzi iliyokuwa imekufa miaka mingi. Tuliandika pia, kwa herufi kubwa, jina la lango na alama ya njia iliyo karibu, kwa sababu huduma za zimamoto ziko chini ya kaunti na dereva anayetoka mjini hawezi kukisia ni lango lipi kati ya matatu linalopitisha gari kubwa. Moja kati ya hayo, tuligundua kwa kulipima na kamba, halipitishi.

Zoezi hilo la pili lilichukua dakika 7. Mzee mmoja wa ulinzi, aliyekuwa amekaa langoni miaka ishirini bila kuulizwa maoni na kamati yoyote, ndiye aliyetuonyesha njia ya mkato inayopita nyuma ya maktaba. Nilimwuliza kwa nini hakuwahi kuisema. "Mwalimu," alinijibu, "nyinyi huniuliza kitambulisho tu."

Sasa funguo za milango ya nyuma zinakaa katika visanduku vidogo vyenye kioo cha kuvunja, kando ya kila mlango, na nakala iko kwa askari wa zamu. Ndilo jambo nililolipigania kwa nguvu kuliko yote, na wenzangu kamatini wanajua sababu, maana nimewasimulia habari za sufuria mara nyingi kuliko wanavyotaka. Mwezi uliopita tulipita tena usiku kukagua. Kisanduku cha bweni la tatu kilikuwa mahali pake, kioo kizima, ufunguo ukining'inia ndani ukimetameta. Mwenyekiti alisema tuujaribu. Tulikifungua kisanduku, nikautia ufunguo kwenye kufuli, nikazungusha, haukuzunguka. Kufuli la zamani lilikuwa limeharibika wakati wa likizo, mtu akanunua jipya na kulifunga, na ufunguo wake, alisema askari akikuna kichwa, uko kwa mama.

Tulimsubiri mpaka saa saba za usiku, akaja na pikipiki akiwa amejifunga leso, akafungua. Kufuli hilo nimeliweka mezani kwangu, na mlango ule tangu usiku huo una komeo la ndani.